Kujifunza upya kutumia mkono baada ya kiharusi

Makala haya yanakuhusu ikiwa umepata kiharusi na mkono wako mmoja umedhoofika, au ikiwa unamhudumia nyumbani mtu mwenye hali hiyo. Yanaeleza jinsi ubongo unavyojifunza kuongoza mkono, kinachopotea kiharusi kinapotokea, na jinsi ya kuurudisha ujuzi huo kidogo kidogo. Hayachukui nafasi ya ushauri wa daktari au mtaalamu wa fiziotherapia aliyekupima.

## Kwa ufupi

- Mkono wenyewe haujaumia. Kilichoumia ni sehemu ya ubongo inayouongoza.
- Ubongo unaweza kujifunza upya, lakini hujifunza kwa kujaribu. Mkono ukisogezwa na mtu mwingine huku wewe umetulia, ubongo haujifunzi mengi.
- Mazoezi yanayofaa zaidi ni kazi halisi za kila siku, zinazorudiwa mara nyingi.
- Maendeleo huwa ya haraka zaidi katika miezi mitatu ya kwanza, lakini kujifunza hakuishii hapo.
- Familia inayomfanyia mgonjwa kila kitu, hata kwa mapenzi mema, inamnyima nafasi ya kujifunza.

## Mkono unaongozwa na nini?

Fikiria umewekewa kikombe cha chai mezani. Unanyoosha mkono, unafungua vidole kabla hujakifikia, unakishika kwa nguvu inayotosha, kisha unakiinua bila kumwaga. Kikiwa cha moto kuliko ulivyodhani, unabadilisha mshiko kabla hata hujafikiri. Yote hayo huchukua sekunde moja au mbili, na muda huo huenda akili yako iko kwenye mazungumzo.

Kazi hiyo inayoonekana nyepesi inahitaji sehemu kadhaa za ubongo. Tabaka la juu la ubongo lina eneo maalumu linalotoa amri za mwendo, na katika eneo hilo vidole na kiganja vimepewa nafasi kubwa kuliko mgongo mzima. Amri hizo hushuka kupitia uti wa mgongo hadi kwenye misuli. Nyuzi nyingi zinazozibeba huvuka upande sehemu ya chini ya ubongo. Ndiyo maana ubongo wa kushoto huongoza mkono wa kulia, na ubongo wa kulia huongoza mkono wa kushoto.

Nyuma ya kichwa, kwa chini, kuna ubongo mdogo. Huu hulinganisha mwendo uliokusudia na ule uliotokea, kisha husahihisha tofauti. Sehemu nyingine zilizo ndani zaidi husaidia kuanzisha mwendo na kuyafanya mazoea yajiendee yenyewe. Wakati huohuo macho, ngozi, misuli na maungio hurudisha taarifa: kikombe ni kizito, kinateleza, kimefika mdomoni. Bila taarifa hizo, amri pekee haitoshi. Mtu ambaye mkono wake una ganzi huangusha vitu hata kama misuli yake ina nguvu.

## Kiharusi kinaharibu nini?

Kiharusi hutokea sehemu ya ubongo inapokosa damu, ama kwa sababu mshipa wa damu umeziba, ama kwa sababu umepasuka. Seli za ubongo zinazokosa damu huanza kufa ndani ya dakika chache. Kama seli hizo ndizo zilizokuwa zikiongoza mkono, amri hazitoki, au zinatoka lakini hazifiki.

Watu wengi husema "mkono umekufa". Kauli hiyo inakatisha tamaa, tena si sahihi. Mifupa, misuli na ngozi ya mkono viko hai. Siku za kwanza mkono huwa mlegevu na mzito. Baadaye kwa baadhi ya watu misuli hukaza: kiwiko kinajikunja na vidole vinafumba ngumi. Hiyo haimaanishi kwamba mgonjwa ni mkaidi au hataki kunyoosha mkono. Ni misuli inayokaza kwa sababu ubongo haujaweza kuidhibiti vizuri.

Katika majuma ya mwanzo, nafuu fulani huja yenyewe. Uvimbe ndani ya ubongo hupungua, na seli zilizopata mshtuko bila kufa huanza tena kazi. Seli zilizokufa hazirudi. Hata hivyo, sehemu za jirani na njia nyingine za ubongo zinaweza kuchukua baadhi ya kazi zake, na zinahitaji kufundishwa kazi hizo.

## Ubongo unajifunzaje mwendo?

Katika kitabu kilichotoka mwaka 1967, wanasaikolojia Paul Fitts na Michael Posner walieleza hatua tatu za kujifunza ujuzi wa mwili. Zinaonekana wazi kwa mtu anayejifunza kusukuma chapati.

Hatua ya kwanza ni ya kufikiri. Anafikiria kila kitu: mpini wa kusukumia aushike wapi, akandamize kiasi gani, donge aligeuze lini. Anachoka upesi na chapati zinatoka na pembe.

Hatua ya pili ni ya kurekebisha. Makosa yanapungua na mikono inaanza kuhisi unga ulipo mnene na ulipo mwembamba.

Hatua ya tatu ni ya kujiendea. Anasukuma huku anaongea na watoto, na chapati inatoka duara.

Kiharusi kinaweza kukurudisha hatua ya kwanza katika mambo uliyokuwa ukiyafanya bila kufikiri tangu utotoni. Ndiyo maana kuvaa shati kunaweza kukuchosha kana kwamba umelima shamba. Uchovu huo hautokani na uvivu. Ubongo unafanya kwa makusudi kazi ambayo zamani ilijiendea yenyewe.

Ujuzi wa mikono pia huhifadhiwa kwa njia tofauti na kumbukumbu ya maneno na matukio. Mwaka 1953, Mmarekani mmoja aitwaye Henry Molaison alifanyiwa upasuaji wa ubongo kutibu kifafa, na baada yake hakuweza tena kuweka kumbukumbu mpya za matukio. Mwanasayansi Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kupitia kioo. Siku baada ya siku makosa yake yalipungua, ingawa hakukumbuka kwamba aliwahi kuifanya kazi hiyo. Molaison hakuwa na kiharusi, lakini kisa chake kina maana kwa familia nyingi. Mgonjwa anayesahau maelekezo ya jana bado anaweza kujifunza kwa mikono. Hata aliyepoteza maneno anaweza kujifunza kwa kuonyeshwa na kujaribu.

Kwa hiyo ubongo unahitaji mambo matatu ili ujifunze mwendo: ujaribu mwenyewe, uone au uhisi kilichotokea, na urudie.

## Kwa nini mkono usiotumika huzidi kusahaulika

Siku za kwanza unajaribu kushika kikombe kwa mkono dhaifu, kinaanguka. Unatumia mkono mzima, kazi inakwisha. Baada ya majuma machache ya hali hiyo, ubongo umejifunza somo moja vizuri sana: mkono ule hautumiki. Nguvu kidogo inaporudi, mkono unabaki umekaa pajani kwa sababu ya mazoea. Mwanasaikolojia wa Marekani Edward Taub ndiye aliyeieleza hali hii kwa kina. Aliiona kama tabia iliyofunzwa, kwa hiyo inaweza pia kufunzwa upya.

Mwaka 1996, Randolph Nudo na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti kwa kima wadogo waliokuwa na jeraha katika eneo la ubongo linaloongoza mkono. Kima waliofundishwa kuokota vipande vidogo vya chakula kwa mkono ulioathirika walilinda eneo la mkono lililobaki. Kwa baadhi yao eneo hilo lilitanuka na kuingia sehemu zilizokuwa za kiwiko na bega. Katika utafiti wa awali, kima ambao hawakupewa mazoezi walikuwa wamepoteza hata sehemu ya eneo la mkono ambalo halikuwa limejeruhiwa.

Kwa binadamu, utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2006 uliwahusisha watu 222 waliopata kiharusi miezi mitatu hadi tisa kabla. Kundi moja lilivalishwa glavu nene kwenye mkono mzima kwa sehemu kubwa ya siku, kwa wiki mbili, huku likifanya mazoezi mengi kwa mkono dhaifu. Kundi hilo lilipata nafuu kubwa kuliko lililopata huduma ya kawaida, na tofauti hiyo ilionekana hata baada ya mwaka mmoja.

Usifunge mkono wako mzima nyumbani bila ushauri. Washiriki wa utafiti ule walikuwa tayari wanaweza kuinua kifundo cha mkono na kufungua vidole kidogo, na walikuwa na wataalamu karibu. Ukiwa hujaimarika kusimama, mkono mzima ndio unaokuokoa usianguke. Jambo la kuchukua ni hili: upe mkono dhaifu kazi kila siku, hata iwe ndogo.

## Je, kukandwa kunasaidia?

Nyumbani kwetu mgonjwa wa kiharusi mara nyingi hukandwa na kuchuliwa asubuhi na jioni. Kuchuliwa taratibu na kunyooshwa maungio kunaweza kupunguza maumivu na kumpa mgonjwa faraja. Lakini misuli inayochuliwa haipokei amri yoyote kutoka kwenye ubongo. Kama matibabu ya mkono ni kukandwa tu, mwanafunzi hajaingia darasani.

Fanya mabadiliko mawili. Kwanza, mtu anapokunyoosha mkono, utazame na ujaribu kusaidia mwendo huo, hata kama huoni chochote kikitokea. Pili, epuka maji ya moto na dawa za kuchua zinazowasha. Mkono wenye ganzi hauhisi joto vizuri, na unaweza kuungua bila wewe kujua.

## Jinsi ya kufanya mazoezi nyumbani

Anza lini? Saa 24 za kwanza waachie wahudumu wa hospitali waamue. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliohusisha wagonjwa 2,104 katika nchi tano, ulionyesha kwamba kumtoa mgonjwa kitandani mapema mno na mara nyingi mno kulipunguza uwezekano wa kupona vizuri. Hali ikishatulia na daktari akiruhusu, usingoje mkono "upate nguvu kwanza". Kujaribu ndiko kunakoufundisha.

Kiasi gani? Mwaka 2009, watafiti waliokaa wakihesabu katika vipindi vya tiba huko Marekani na Kanada walikuta kwamba mgonjwa alirudia miendo ya mkono yenye kazi maalumu mara 32 tu kwa wastani kwa kipindi. Katika majaribio ya wanyama yaliyobadilisha ubongo, marudio yalifika mamia kwa siku. Kwa hiyo kliniki ni mahali pa kupimwa na kuelekezwa. Marudio yaliyobaki lazima yapatikane nyumbani.

Kama mkono hausogei kabisa:

- Ukikaa, weka mkono juu ya meza au mto, mahali unapouona. Usiuache ukining'inia.
- Weka kiganja juu ya kanga iliyokunjwa kwenye meza laini, kisha jaribu kuisukuma mbele. Mkono mzima usaidie kidogo tu.
- Unapooga au kujipaka mafuta, mguse mkono huo na uutazame.

Kama unasogea kidogo:

- Shikilia sahani au bakuli kwa mkono dhaifu wakati mkono mzima unafanya kazi.
- Futa meza, ukiongeza umbali kadiri unavyoweza.
- Sogeza kikombe cha plastiki kitupu kutoka alama moja hadi nyingine.

Kama vidole vinafungua na kufunga:

- Chambua maharage, ukihamisha moja moja kwenye bakuli.
- Bana vibanio vya nguo kwenye kamba na uvitoe.
- Menya ndizi, kunja nguo, hesabu sarafu, funga vifungo.

Kwa kila hatua, kanuni hizi zitakusaidia:

1. Chagua kazi mbili au tatu ambazo ni muhimu kwako. Fundi cherehani atashika kitambaa kwa hamu kuliko mpira wa mazoezi.
2. Gawa siku katika vipindi vifupi, kwa mfano dakika 10 hadi 15, na upumzike katikati. Hesabu marudio na uyaandike.
3. Kazi iwe ngumu kiasi. Ukifaulu kila mara, ongeza umbali au tumia kitu kidogo zaidi. Ukishindwa kila mara, punguza.
4. Ukishaimudu kazi, ichanganye na nyingine badala ya kuirudia peke yake. Mwaka 1979, John Shea na Robyn Morgan walionyesha kwa watu wenye afya kwamba waliochanganya kazi walisuasua wakati wa mazoezi, lakini baadaye walikumbuka vizuri zaidi.
5. Ruhusu makosa. Tumia kikombe cha plastiki na maji ya baridi, ili kumwaga kusiwe tatizo. Ubongo husahihisha kutokana na kilichokosewa.
6. Lala vya kutosha. Usingizi husaidia ubongo kuhifadhi ulichojifunza mchana.

## Kwa familia: kusaidia bila kunyang'anya

Kumwacha mama au babu ahangaike na kifungo dakika tano kunaweza kuonekana kama kumkosea heshima. Wageni wakiwepo, aibu huwa kubwa zaidi. Kwa hiyo tunaharakisha: tunamlisha, tunamvisha, tunampa kikombe mkononi, mkono ule ule mzima. Kila mara tunapofanya hivyo, zoezi moja limepotea.

Zungumzeni mapema. Mwulize mgonjwa ni kazi zipi anataka kuzifanya mwenyewe, na ni wakati gani anahitaji kusaidiwa, kwa mfano anapowahi kliniki au akiwa amechoka. Kisha:

- Subiri. Saidia sehemu inayomshinda tu. Kama anaweza kupandisha shati begani lakini hawezi kifungo cha juu, mwachie bega, msaidie kifungo.
- Taja kazi badala ya kiungo. "Sogeza kijiko kwenye sahani" mara nyingi hueleweka na mwili kuliko "nyoosha kiwiko".
- Kama amepoteza maneno, mwonyeshe kwa vitendo badala ya kurudia kwa sauti kubwa.
- Usimvute kamwe kwa mkono dhaifu unapomwinua. Misuli inayoshikilia bega imelegea, na bega linaweza kuteguka. Mshike kiunoni au mgongoni, kama mtaalamu alivyokuonyesha.
- Angalia hali ya moyo wake. Takriban mtu mmoja kati ya watatu hupata sonona baada ya kiharusi. Asiyetaka kujaribu huenda hajakata tamaa kwa hiari yake. Sonona inatibika, mweleze daktari.

Familia haiwezi kuwa mbadala wa kliniki. Utafiti uliofanyika katika hospitali 14 nchini India na kuchapishwa mwaka 2017, ukiwa na wagonjwa 1,250, haukuona kwamba kuwafundisha wanafamilia kutoa mazoezi nyumbani kulileta nafuu zaidi ya huduma ya kawaida. Endeleeni na miadi ya fiziotherapia, na kila mnapokwenda ombeni kazi mpya ya nyumbani inayolingana na hatua aliyofikia.

## Itachukua muda gani?

Hakuna anayeweza kukuahidi tarehe. Ukubwa wa jeraha na mahali lilipo katika ubongo huamua mengi. Kwa watu wengi maendeleo huwa ya haraka katika miezi mitatu ya kwanza, kisha hupungua kasi. Hata hivyo, watu waliopata kiharusi muda mrefu uliopita bado wanaweza kuboresha kazi mahususi wanazozifanyia mazoezi. Anayekuambia kwamba baada ya miezi sita mlango umefungwa anakosea, na anayekuuzia dawa ya kuurudisha mkono wote kwa wiki moja anakosea zaidi.

Kwa wengine mkono hautarudi kuwa kama zamani. Bado unaweza kuwa mkono msaidizi: ukandamize karatasi mwenzake anapoandika, ushikilie sufuria unapokoroga, ubebe mfuko huku mwingine ukifungua mlango. Mtu anayejivika mwenyewe kwa mkono mmoja na nusu anahitaji msaada mdogo, na siku yake inabaki mikononi mwake.

## Nenda hospitali mara moja ukiona

- Udhaifu mpya wa ghafla, uso kupinda upande, maneno kuchanganyika au kuona vibaya ghafla. Huenda ni kiharusi kingine. Usisubiri kesho.
- Maumivu makali ya kichwa yanayoanza ghafla.
- Kifua kubana au kushindwa kupumua, au mguu mmoja kuvimba na kuuma.

Panga kumwona mtaalamu mapema ikiwa bega linauma, mkono umevimba, au vidole vinazidi kukaza hata huwezi kuosha kiganja. Acha zoezi lolote linaloleta maumivu mpaka upimwe.

Endelea pia na dawa ulizoandikiwa, hasa za shinikizo la damu, hata siku unazojisikia vizuri. Mazoezi hufundisha mkono. Dawa husaidia kuzuia kiharusi kingine kisije kufuta ulichojifunza.